Masomo ya Kifilipino kwa WhatsApp, 20,000: nyota tatu

Mimi ni mama ntilie, nauza jirani na bandari hapa Tanga, na mabaharia wanaonijia wengi ni Wafilipino. Nilichoka kuwaonyesha kiti kwa kidole kama bubu. Nikanunua masomo manane ya sauti, shilingi 20,000.

Somo la kwanza ni "mabuhay". Nikawaambia wateja watatu asubuhi, mmoja akacheka hadi akaweka kijiko chini. Kumbe hilo ni la hotelini na viwanja vya ndege, jirani hamwambii jirani. Mwalimu angeanza na "po". Kaneno hako ni adabu tupu: "salamat" ni asante, "salamat po" ni asante ya mtu aliyelelewa. Ndiyo ni "oo", lakini kwa mkubwa ni "opo". Na mkubwa huyo, hata akiwa peke yake, unamwita "kayo", yaani ninyi.

Somo la tano ndilo lililonizuia kudai hela yangu. Mfilipino akifika mlangoni kwa watu huita "Tao po!" Tao ni mtu. Hodi hiyo! Mwenyeji huitika "Tuloy po kayo", karibuni ndani. Ukiwakuta wanakula utasikia "Kain po tayo", tule, na si lazima unawe mikono, kama sisi tunavyojibu "starehe" tukapita zetu. Mtoto naye husema "Mano po", akauchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Marehemu bibi yangu wa Pangani angemnunulia kashata mtoto huyo.

Sasa kasoro. "Magandang umaga po" ni salamu ya asubuhi, nami wiki nzima nimeisema "magandangi", kwa sababu sauti zinakwaruza na maandishi hayasaidii. Ni ng' ya ng'ombe tu, mwalimu! Tunayo mdomoni tangu utotoni. Kubwa zaidi, hafundishi kuitikia, na Tanga salamu isiyoitikiwa ni ugomvi. "Magandang umaga rin po" nimepewa bure na baharia akisubiri wali wake. Nilipomwandikia mwalimu, alinijibu kwa dole gumba.

Jana nikamwinulia kijana mmoja chupa ya pilipili, kumuuliza kama nimtilie. "Opo," akasema. Nikafurahi nimeelewa. Halafu nikakumbuka opo huambiwa nani.