TAHADHARI: Anayekuuzia tiketi ya kumwona Papa Roma anakuuzia kitu cha bure

Wapendwa mnaojiandaa na hija au matembezi yenu ya kwanza Roma, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja. Si habari ya kuambiwa. Nimepigwa mimi mwenyewe, mama yangu akiwa pembeni yangu.

Baada ya Pasaka nilimpeleka mama na mama mdogo Roma. Mama ni mwalimu mstaafu. Safari hii aliianza kwenye kibubu, baadaye akahamishia benki, na kila aliyeumwa kwenye ukoo alikuwa anaipunguza kidogo. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kukata tiketi nilitaka kila kitu kiwe kimelipwa mapema, mama asije akasimama juani kwenye foleni. Hapo ndipo tapeli alipotupatia.

Namba yake ililetwa kwenye kundi la WhatsApp la parokia, na aliyeileta aliipata kwenye kundi jingine. Mtu anaongea Kiswahili kilichonyooka, kila ujumbe unaanza na "Tumsifu Yesu Kristo", picha yake ni kuba la Mtakatifu Petro. Anasema yuko Roma miaka mingi na ana "watu wa ndani". Akatuuzia vitu viwili: tiketi za katekesi ya Baba Mtakatifu siku ya Jumatano, euro 40 kwa kichwa, na tiketi za Colosseum, lile jengo la kale la michezo ya Warumi, "bila foleni", euro 55 kwa kichwa. Watu watatu, euro 285. Ni zaidi ya laki nane za shilingi za kwetu Tanzania, na nililipa kwa simu jioni moja nikiwa kwenye daladala.

Jina lake siliweki hapa. Tangu nianze kumtafuta ameshatumia majina mawili, na nikitaja hilo la mwisho kesho atakuwa na la tatu, nanyi mtajiona mko salama kwa sababu anayewaandikia anaitwa vingine. Shikeni namna anavyofanya kazi.

Colosseum ilikuwa Jumatatu. Alituma faili la PDF lenye mraba wa kuskani, nembo na kila kitu, usiku wa manane kabla ya siku yenyewe. Nilipoifungua niliona majina matatu ambayo si yetu, yanafanana na ya Wareno au Wabrazil. Nikamuuliza. Akajibu, "Dada, hayo ni ya mfumo tu, hawaangalii." Nikalala nikiamini, maana nilitaka kuamini.

Wanaangalia. Tangu Oktoba 2023 tiketi za Colosseum zinaandikwa jina la mgeni, na mlangoni unaonyesha kitambulisho. Yule kijana wa getini alichukua pasi ya mama, akasoma, akatazama tiketi, akasoma tena, akamrudishia kwa adabu zote na kutikisa kichwa. Mama hakusema neno. Alikwenda akakaa kwenye ukingo wa mawe, akavua viatu, akalitazama lile jengo kwa nje. Jengo lililofunguliwa na Kaisari Tito mwaka 80, na sisi tumeshindwa kuvuka geti lake kwa sababu ya mtu wa WhatsApp.

Sasa bei halisi. Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni euro 18, na ndani yake umo pia Uwanja wa Kirumi na kilima cha Palatino. Inauzwa kwenye tovuti yao rasmi, ticketing.colosseo.it, na huanza kutolewa siku 30 kabla. Ukweli ni kwamba zinaisha haraka sana, na hilo ndilo pengo ambalo matapeli wanaishi ndani yake. Hata kampuni kubwa zililitumia: mwaka 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Italia ilitoza faini zinazokaribia euro milioni 20 kwa jumla, baada ya kukuta tiketi zinanyakuliwa kwa programu za kompyuta na kurudi sokoni zikiwa zimefungwa pamoja na huduma ambazo mnunuzi hakuziomba. Kwa hiyo usijilaumu ukikuta tovuti haina nafasi. Weka tarehe kwenye kalenda, amka mapema siku ya 30, andika majina kama yalivyo kwenye pasi. Na kama tarehe zako ni za kucheza nazo, Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, ila jiandae kwa umati.

Turudi kwa Papa, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Jumanne alasiri "mtu wa ndani" alitukuta karibu na Ottaviano, kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi. Kijana nadhifu, kitambulisho cha plastiki shingoni. Akatupa karatasi tatu, akaomba euro 5 zaidi kwa kila moja, eti ya usumbufu. Nikatoa! Nilikuwa nimeshaumia Jumatatu na bado nilitoa, kwa sababu karatasi zilionekana za kweli.

Na zilikuwa za kweli. Tulipofika Uwanja wa Mtakatifu Petro mama alimwona sista Mwafrika akipita, akamsikia anaongea Kiswahili kwenye simu, basi hakuna wa kumzuia tena. Wakasalimiana, "Shikamoo mama", "Marahaba Sista", wakaulizana majimbo. Mama akamwonyesha zile karatasi kwa fahari. Sista akazigeuza mkononi.

"Mmezipata wapi?"

"Tumenunua," mama akasema.

Sista alinyamaza kidogo, kisha akatushika mkono akatuvusha hadi upande wa kulia wa uwanja, chini ya nguzo zile kubwa, akanyoosha kidole. "Mnaliona lile Lango la Shaba? Wale Walinzi wa Uswisi pale wanazigawa karatasi hizi hizi. Hamlipi kitu. Haijawahi kuuzwa hii."

Ndivyo ilivyo, na inaandikwa wazi na ofisi inayohusika, Prefettura ya Nyumba ya Kipapa: tiketi za katekesi ni bure. Kundi la parokia linaweza kuandika barua kuomba mapema. Mkiwa wachache mnaweza kwenda wenyewe Jumanne kuanzia saa tisa alasiri mkawaomba walinzi pale langoni. Mkikosa kabisa, Jumatano simameni nyuma ya vizuizi. Baba Mtakatifu mtamwona na kumsikia. Na Jumapili saa sita mchana anatokea dirishani kwa sala ya mchana, na hiyo haina tiketi ya aina yoyote, bure wala ya kulipia. Angalieni ratiba tu kabla ya kukata ndege, kwa sababu kiangazi, hasa Julai, katekesi za Jumatano kwa kawaida husimama.

Mnaona ujanja wake? Hakughushi kitu. Alimtuma kijana kwa mlinzi, kijana akapewa bure, sisi tukalipa euro 45 kwa kila karatasi. Ungempeleka polisi angesema aliuza tiketi halisi.

Kwenye mtaa ule mkubwa wa Via della Conciliazione mtakutana na wengine wa namna hiyo, wanaouza "kupita foleni" ya Basilika. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Foleni mnayoiona ni ya mashine za ukaguzi, na mashine hizo kila mtu anazipitia. Wakati mwingine wanachokuuzia ni vile visikilizio vya masikioni na mtu wa kutembea mbele yako ameinua mwavuli. Kama unamtaka kiongozi, sawa, lipa ukijua unalipia kiongozi. Sisi siku ya pili tulifika saa moja asubuhi tukaingia chini ya dakika ishirini. Funikeni mabega na magoti tu. Mama zetu na vitenge vyao wako salama, vijana na kaptula zao ndio wanaorudishwa.

Makumbusho ya Vatican, ambamo ndimo mnamopita kufika Kikanisa cha Sistina, ndiyo yanalipiwa: euro 20, na 5 ya kuweka nafasi mtandaoni. Hapa kuna alama moja rahisi ya kuwabaini wauzaji bandia. Tovuti za Vatican zinaishia na .va. Tovuti inaweza kupambwa kwa ufunguo wa Petro na rangi za njano na nyeupe, lakini kama mwisho wake ni .com, huyo ni dalali. Jumapili Makumbusho hufungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi.

Niseme na hili linalotuhusu sisi hasa. Karibu na Colosseum na kwenye Ngazi za Kihispania mtasikia, "Hakuna matata! My brother, mama Africa!" Moyo unaruka, unageuka kwa furaha, na kabla hujamaliza kujibu umeshafungwa bangili ya uzi mkononi. Eti zawadi. Baada ya dakika moja zawadi ina bei, na wenzake wawili wamesogea. Kiswahili chetu kimekuwa ndoano. Wale vijana maisha yao si mepesi na sina ugomvi nao. Nilimjibu mmoja kwa Kiswahili cha kweli akacheka, hakuelewa hata neno. Lakini mikono iwekeni mfukoni na msisimame. Wale wanaovaa kama askari wa Kirumi ni mtindo huo huo: picha kwanza, bei baadaye.

Wachomoaji nao wana njia zao zinazojulikana. Basi namba 64 linatoka Termini, kituo kikuu cha treni, kwenda Vatican, linajaa wageni, na linajaa pia wanaowafuata wageni. Metro ya mstari A hivyo hivyo. Mkoba mbele, simu si mfuko wa nyuma. Mama mdogo alifunga fedha kwenye pindo la kanga chini ya gauni, namna anavyofanya akienda Kariakoo, na ni yeye peke yake kati yetu ambaye hakuwa na wasiwasi safari nzima.

Uwanja wa ndege wa Fiumicino: wanaokunong'oneza "taksi, taksi" ndani ya jengo, wapiteni. Taksi halali ni nyeupe, ziko nje kwenye foleni yake, na kuingia katikati ya mji zina nauli moja iliyopangwa na jiji. Ulizeni kabla ya kupanda. Treni ya Leonardo Express ni euro 14 na inafika Termini kwa dakika 32. Ukifika kwenye mashine za tiketi Termini, anayekuja "kukusaidia" kubonyeza anataka chenji yako au namba yako ya siri.

Chakula sitaki kukiongelea sana, ila samaki. Ukiona kwenye menyu bei ya samaki ina neno "etto", hiyo ni bei ya gramu 100, si ya sahani. Watu wameagiza samaki wa euro 8 wakaletewa bili ya 60. Kahawa nayo, mkiinywa mmesimama kaunta ni bei nyingine kabisa kuliko mkikaa mezani.

Na maji msinunue. Mji mzima una vibomba vya chuma mitaani, kama 2,500 hivi, maji yake baridi na safi, yanatiririka mchana na usiku. Waroma wanaviita nasoni, yaani pua kubwa. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye tundu dogo na unakunywa bila kuinama sana. Mama alilipenda hili kuliko Colosseum yenyewe, ambayo aliiona siku ya Alhamisi kwa tiketi za jina lake, baada ya mimi kukesha na simu nikingoja mtu aachie nafasi. Vito vingine vya bure tulivyoviona njiani: sanamu ya Musa ya Michelangelo katika kanisa la San Pietro in Vincoli, na picha za mchoraji Caravaggio katika kanisa la San Luigi dei Francesi. Hakuna aliyetuuzia. Ukitaka taa iwake kwenye hizo picha unatumbukiza sarafu, basi.

Kama umeshamlipa mtu wa namna hii: usifute mazungumzo. Piga picha skrini za kila kitu, toa taarifa kwa kampuni ya simu mara moja, si wiki ijayo, na kwa walioko Tanzania namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040. Ukiibiwa ukiwa Roma piga 112, na uende kituo cha polisi ukaandikishe kile wanachokiita denuncia, yaani taarifa ya wizi. Ukipoteza pasi, ubalozi utakuomba karatasi hiyo kabla ya kitu kingine. Fedha zangu mimi hazijarudi.

Juzi kaniandikia tena. Namba mpya, jina jipya, "Tumsifu Yesu Kristo" ile ile. Inaonekana hajui kwamba ni mimi. Safari hii anauza maji ya chemchemi ya Lourdes, yanayotoka bombani bure kwa kila anayefika na chupa yake. Nimemwonyesha mama. Kaniomba simu, kavaa miwani, anasema atamjibu mwenyewe.