NixOS Lamu: mfumo mzuri, printa imenitia adabu

NixOS ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, ila huu ni wa ukoo wa Linux. Nianze na hasira, sifa zitajitafutia nafasi huko mbele.

Ilikuwa wiki ya Maulidi, mji umejaa wageni, nami nina ratiba na barua za watu za kuchapa. Printa haitaki. Karatasi ipo, wino upo, waya umechomekwa. Nikashusha draiva, ile programu ya kuisemesha printa na kompyuta, kwenye tovuti ya wenye printa, nikaiendesha, nikajibiwa kwamba NixOS haiwezi kuendesha programu zilizokusudiwa Linux ya kawaida. Ya kawaida! Basi mimi nimekalia nini?

Nikampigia kijana wa Mkomani aliyenishawishi kuhama. "Ami, hiyo rahisi, andika tu paketi yako mwenyewe." Yaani draiva niifungashie NixOS kwa mkono wangu. Mwalimu wa madrasa amesimama mlangoni anangoja nakala zake, mimi niandike paketi! Nikamwambia, mwanangu, mimi kazi yangu kuchapa barua. Akacheka. Kicheko kile sijakisamehe.

Kisa chenyewe ni kwamba humu kila paketi ya programu inafungiwa folda yake ndani ya /nix/store, yenye jina refu la herufi na tarakimu. Draiva iliyokuja imeshatengenezwa inakwenda /lib64, folda ya Linux za kawaida, kutafuta inavyovihitaji, haivikuti, inakufa papo hapo. Wazo ni la Eelco Dolstra, aliyeliandikia tasnifu ya udaktari huko Utrecht mwaka 2006. Natumai printa yake ilikuwa inachapa.

Kompyuta nzima unaieleza kwenye faili, configuration.nix: lugha, watumiaji, programu, hata huduma ya kuchapa, services.printing.enable = true; kisha unaamuru nixos-rebuild switch, nayo inajipanga vile ulivyoandika. Printa yako ikiwa na draiva kwenye hazina yao ya programu, raha tupu. Yangu haikuwamo.

Na bando je? Maktaba moja ya chini kabisa, yaani kipande ambacho programu nyingi zinakitumia, ikibadilika, karibu kila kinachoitegemea kinashushwa upya. Matoleo ya zamani nayo yanajirundika kwenye diski mpaka uyafagie kwa nix-collect-garbage -d. Nilikuwa nishatayarisha flashi nirudi kwenye Linux yangu ya zamani.

Kabla sijarudi, stima ikakatika katikati ya kusasisha. Huku kwetu hilo si habari, lakini kompyuta yangu ya kwanza ilikufa kwa ajali ya namna hiyo hiyo, ikaenda na kazi za watu. Hii, stima iliporudi, iliwaka na mfumo wa jana yake mzima mzima. Mpya haushiki nafasi mpaka ukamilike, na ukikamilika ukakuudhi, wa zamani umo kwenye orodha inayotokea kompyuta inapowaka: unauchagua, unaendelea na kazi. Hapo nikanyamaza. Flashi nikairudisha kabatini.

Printa nimemuuzia jamaa wa Mokowe anayetumia Windows. Nimenunua nyingine, safari hii nikitazama kwanza hazina yao ina draiva gani. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili, ikachapa. Mwalimu alikuwa ameshakwenda kwengine, na hajarudi.

Nilikusudia nyota moja. Naweka nne. Yule kijana akinambia tena niandike paketi, zinashuka mbili.