Urea ya kilo 50: bondeni inalipa, maweni inapaa

Mfuko mmoja wa mbolea ya urea una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mbolea nyengine za punje za kawaida hazifiki hapo, na ndiyo maana urea huwa nafuu ukihesabu nitrojeni badala ya mifuko.

Kwa mpunga wa bonde la Cheju, Unguja, kwenye kinamo kinachoshika maji, tunaipa alama za juu, mradi isimwagwe kwa mara moja. Mfuko wa eka ugawe: nusu wiki 3 baada ya kupandikiza, nusu mpunga unapoanza kubeba mimba. Kwanza punguza maji ya jaruba, ziba njia zake, mwaga mbolea, na usiruhusu maji kutoka kwa siku 3. Jaruba linalokauka na kujaa kila mara hupoteza nitrojeni kwa njia ya gesi. Mojawapo ni naitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja huipasha joto dunia zaidi ya mara 250 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi.

Maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe ya chokaa, ni habari nyengine kabisa. Urea ikipata unyevu huvunjika ikawa amonia, na udongo wenye chokaa, pH ikiwa juu ya 7, huiachia amonia hiyo ipae. Ukiitupa juu ya ardhi mbichi na jua likawaka, ile harufu kali ni fedha yako inayokwenda. Kwa tungule, chimba sentimita 5, umbali wa sentimita 10 kutoka shinani. Tia kifuniko kimoja cha soda, kama gramu 4 au 5, fukia, mwagia maji papo hapo. Ikigusa shina huunguza.

Maji nayo yasizidi. Nitrojeni ya urea hugeuka naitreti ardhini, na naitreti haishikwi na udongo. Hushuka kwenye nyufa za mawe mpaka visimani, na Unguja tunakunywa maji hayohayo ya chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa ajili hasa ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Kando ya kisima, tumia samadi iliyooza vyema, tena kidogo.

Mfuko ukishafunguliwa ufunge, uweke juu ya mbao. Hewa yetu ya bahari huigandisha. Usiichanganye na TSP (mbolea ya fosfati) ukaiweka, itarojeka.

Ukinunua ya kupimiwa, koroga kijiko kwenye gilasi ya maji. Urea safi huyeyuka yote na gilasi hupoa mkononi. Ukiona mchanga chini, irejeshe.