Kozi ya Kijapani ya jioni, Kabwe Mbeya: fildi ndiyo yenye thamani

Nimemaliza kozi ya Kijapani inayofundishwa jioni ghorofani karibu na Kabwe, na wenzangu wa chuo wananiuliza kama inafaa. Inafaa, kwa sababu ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo unayopangiwa baada ya darasa. Darasa peke yake nisingelilipia laki mbili.

Darasani mnaanza na hiragana na katakana, herufi 46 kila moja, kisha kanji (herufi zenye asili ya Kichina, kila moja na maana yake) za N5, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani. Sensei wetu, yaani mwalimu, ni Mtanzania aliyesoma Japani, mvumilivu, na anasahihisha daftari la kila mtu. Lakini tulijaa mno, na zamu ya kuzungumza ilikuwa adimu. Hilo walirekebishe haraka.

Baadaye, kwenye fildi, unapangiwa sehemu mbili, ya kazi na ya kijamii. Mimi nimesomea ugavi, nikapelekwa kwa wakala wa kuagiza magari, Mwanjelwa. Mbeya Kijapani tunacho barabarani: magari ya IT, yaani yanayopitishwa kwenda nchi jirani, yanatoka bandari ya Dar kwenda Tunduma yakipita hapa hapa mjini, na hata yanayobaki kwetu yamekuja na maandishi yake yote. Madereva wengi kila wakiwasha gari wanasikia sauti ya dada wa Kijapani. Anawakumbusha kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kule kwao, haijaingizwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma karatasi za mnada, yaani ripoti za ukaguzi wa magari yanayouzwa mnadani Japani. Mchoro wa gari unaeleweka upesi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa. Cha kutazama kwanza ni gredi, alama ya jumla ya hali ya gari. Ukikuta R au RA, gari hilo limewahi kugongwa likatengenezwa. Maelezo ya mkaguzi yaliyoandikwa kwa mkono ni ya mtu aliyevuka N5 mbali sana, na pale ofisini hakuwepo. Kozi ingetuandalia hata orodha ya maneno yanayojirudia.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu na Noah aliyokuwa anataka kuinunua kwa mtu. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000. Nikafungua mlango wa dereva, nikakuta kibandiko cha kubadilisha oili: Heisei 26, kilomita 112,000. Heisei ni enzi ya kalenda ya Kijapani iliyoanza 1989, kwa hiyo unajumlisha 1988 unapata 2014. Nikamwambia, "Mwalimu, gari hili lilishavuka laki moja tangu 2014." Akauliza, "Kwa hiyo wamelirudisha nyuma, mwanangu?" Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi, akaikunja akaondoka nayo. Gari hakulichukua. Nilifurahi sana kwa ajili yake, maana ile ilikuwa pesa ya kiinua mgongo.

Sehemu ya kijamii nilifanyia kituo kimoja cha afya Rungwe, chenye gari la wagonjwa lililotumika Japani. Swichi zote nyuma zina kanji: oksijeni, taa, feni. Dereva alikuwa amezikariri; muuguzi mgeni angefanyaje usiku? Tukaandika vibandiko vya Kiswahili, na sensei alikagua picha ya kila kimoja kwa WhatsApp kabla hatujabandika. Hapo nampa alama zote. Wauguzi walitupokea vizuri, maana mfumo wa 5S uliotoka Japani, wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, wanaujua. Hospitali ya Rufaa Mbeya waliuanza tangu 2007. Nauli ya kila siku kwenda na kurudi, hata hivyo, ilitoka mfukoni mwangu, na hakuna aliyenieleza hilo wakati wa kujiandikisha.

Si kila aliyepangiwa alifaidi. Mwenzangu alipelekwa kwa wanunuzi wa kahawa Mbozi. Japani ni mteja mkubwa wa kahawa yetu, na kule hata ya Mbozi inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, lakini barua zote ofisini zilikuwa za Kiingereza. Alijifunza kahawa, Kijapani hakukigusa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza utapangiwa wapi, maandishi gani ya Kijapani yapo hapo, na nani atagharamia nauli. Nafasi za fildi kwa mawakala wa magari ni chache na huisha wiki ya kwanza ya muhula.