Kliniki yetu ya kisukari ilivyobadilisha utaratibu: uzoefu wangu

Nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, na huu ni mwaka wa saba tangu niambiwe nina kisukari. Miaka sita ya mwanzo sikukosa kliniki hata mara moja, na bado ugonjwa ulikuwa unanila kimyakimya. Mwaka jana kituo cha afya ninachotibiwa hapa Mwanza kilipanga upya kazi zake. Daktari ni yuleyule, dawa ni ileile metfomini asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni utaratibu, na mwili wangu umeuona.

Zamani wote tulikuwa watu wa Jumanne. Unaamka saa kumi alfajiri, hujala kitu, unawahi daladala ya kwanza upate namba ya mbele. Unatobolewa kidole, sukari inaandikwa kwenye daftari, kisha benchi hadi saa saba mchana. Kwa daktari humalizi dakika tano. "Tisa. Si mbaya sana. Endelea na dawa, mama." Tisa ile ilikuwa ya asubuhi ile tu. Siku mbili kabla ya kliniki nilikuwa najibana, mboga nyingi na ugali kidogo. Nikishapimwa narudia chai ya sukari na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Sasa kila mtu ana siku yake na saa yake. Mimi ni Alhamisi saa tatu, na nikichelewa kuitwa haizidi nusu saa. Faili nalikuta limeshatolewa. Naanzia kwa nesi: presha, uzito, nimekula nini jana na juzi, kisha anahesabu vidonge nilivyobakiza. Hiyo ya kuhesabu iliniudhi mwanzoni, nikaona nachunguzwa kama mwizi. Ila ndiyo iliyofichua kuwa dawa ya jioni nilikuwa nairuka, maana nikiimeza tumbo tupu inanivuruga. "Mama yangu, hii meza na chakula, usiitangulize," akaniambia. Miaka sita, na neno hilo moja sikuwahi kulipata.

Halafu kuna kipimo cha HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari kwa karibu miezi mitatu. Hicho hukidanganyi kwa siku mbili za kujibana. Cha kwanza kilisoma asilimia 10.4. Nesi akaiweka karatasi mezani, akanieleza kuwa wengi wetu tunalenga chini ya 7, akanyamaza. Nikamweleza yote, michembe na chai. Miezi mitatu baadaye ikawa 9.1. Mwezi uliopita, 7.6.

Lakini siku nisiyoisahau ni ya miguu. Alinivua viatu, akaniambia nifumbe macho, akatoa uzi mgumu wa nailoni kama kipande cha mshipi wa kuvulia. Anaugusisha kwenye unyayo mpaka unapinda. "Ukisikia, sema ndiyo." Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kisha nikangoja, nikadhani ameacha. Nilipofumbua macho, uzi ulikuwa umepinda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Sikusikia kitu; kisukari kilikuwa kimeshanipunguzia hisia mguuni. Na mimi ndiye niliyekuwa nikienda Igombe kununua dagaa, napita pekupeku kwenye mchanga wa moto walikoanikwa. Lengelenge nililopata mwaka juzi nilidhani ni la kiatu. Nililia palepale kitini, na nesi hakunikatiza.

Binti yangu anasomea uuguzi. Anasema mpango wa aina hii ulichorwa kule Seattle, Marekani, miaka ya 1990, na daktari Edward Wagner na wenzake. Waliona huduma zimezoea ugonjwa wa ghafla. Malaria unatibiwa unakwenda zako. Kisukari unaamka nacho na unalala nacho, kwa hiyo lazima kituo kikujue kuanzia mwezi hadi mwezi.

Kasoro zipo na zinaniuma. Robo moja ya mwaka vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viliisha, tukaambiwa tukapime nje kwa fedha zetu. Wengi hawakwenda, na hao ndio niliowaogopea. Ukikosa siku yako unapigiwa simu, lakini nesi anatumia salio lake mwenyewe. Alipokwenda likizo ya uzazi, simu zikakatika, na mzee mmoja wa Igoma niliyezoea kukaa naye benchi alipotea miezi minne. Aliporudi alikuwa na kidonda kisigino. Huwezi kuuweka mpango mzima mgongoni kwa mtu mmoja. Macho nayo bado ni rufaa, na huko foleni ni ya kizamani.

Kwa wenye kisukari wanaofikiria kuja: njoo na dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, na usifiche ulichokula. Na siku wakiwa na wagonjwa wengi, nesi akaonekana ana haraka, vua viatu mwenyewe umwonyeshe miguu.