Simu au kamera kwa picha za majengo ya kale?

Kwa bei simu imeshinda, tayari unayo mfukoni. Na ukiwasha lokesheni, faili linabeba saa na mahali picha ilipopigwa, kwa anayefuatilia historia ya eneo hiyo ni hazina kabisa.

Shida ni majengo marefu kama minara. Ukiinua simu upate jengo zima, kuta zinainamiana kama zinaanguka kinyumenyume, unaweza kuzinyoosha baadaye kwenye programu ila kingo za picha zinakatwa. Kamera unaifunga lenzi ya tilti-shifti, kamera inakaa wima lenzi ndo inapanda, kuta zinabaki zimenyooka. Lenzi hizo ni ghali kwelikweli, na ukibadilisha lenzi ovyo vumbi linaingia kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga.

Ndani kwenye giza kamera juu ya stendi inatoa picha safi, lakini sehemu nyingi stendi hairuhusiwi, hapo simu inajitetea vizuri.

Maandishi ya kuchonga ukutani chochote kinatosha, subiri tu jua lije kwa pembeni, herufi zitoe vivuli, hata mwaka uliofifia utausoma.

Unakusanya kumbukumbu za mtaa mzima? Simu. Unataka kuchapisha kubwa? Kamera.