Sanamu ya Lakshmi kutoka Swamimalai: niliinunua mara mbili

Mzee aliyenifundisha usonara hapa Dar es Salaam alinikaririsha jambo moja tangu siku ya kwanza: kipuli hukaguliwa kwa nyuma. Mbele kila fundi hujitahidi. Nyuma ndiko unakoona kama aliipenda kazi yake.

Mwaka jana nilikuwa Chennai, kusini mwa India, nikimuuguza mama aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mzee akanipigia simu. "Mwanangu, mama anaendeleaje?" Kisha, baada ya habari zote: "Ukipata nafasi, niletee Lakshmi. Isiwe ya ile shaba ya manjano ya mabomba. Shaba ya mahekalu." Yeye ni Mhindu, na juu ya meza yetu ya kazi kuna picha ya kalenda ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri na neema, iliyopauka kabla mimi sijaanza kazi pale. Mimi ni Mkristo, lakini kila Diwali namwona akifungua daftari jipya la hesabu mbele ya picha ile. Nikajua ombi lile ni zito kwake.

Ya kwanza nilinunua vibaya. Duka la zawadi jirani na nyumba tuliyopanga lilikuwa na Lakshmi mwenye ukijani wa kizamani, na muuzaji akaniapia ni shaba ya Swamimalai, mji wa mafundi wa sanamu. Nikalipa rupia 6,500 bila kuigeuza. Usiku nikaifuta kwa leso iliyolowa maji, na ule ukijani wote ukahamia kwenye leso. Chini yake ilikuwa ileile shaba ya manjano. Ndani tupu, mgongo umelala kama wa kijiko, na mshono wa kalibu umepita begani hadi kiunoni bila hata kupigwa tupa. Kilichoniuma zaidi ni vidole: vilikuwa vimegandana kama mkate.

Asiyezijua sanamu hizi anaweza kusema vidole ni kitu kidogo. Kwa Lakshmi, mikono ndiyo maneno yake. Anapokaa peke yake huwa na mikono minne. Miwili ya juu hushika mayungiyungi, ua ambalo mzizi wake umo topeni na lenyewe huchanua juu ya maji, safi. Mkono wa kulia wa chini umeinuliwa, kiganja kikikutazama: usiogope. Wa kushoto umeshuka, kiganja wazi, vidole vikielekea chini: pokea. Vidole vikigandana, hakuna lililosemwa. Ndivyo ilivyo kwa miungu wenzake wa kike. Saraswati utamjua kwa vina, kile kinanda cha nyuzi, pamoja na kitabu na tasbihi. Durga utamjua kwa simba na silaha alizopewa na miungu ili amuue Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati. Mchonge Durga kizembe, silaha zote zitafanana na vijiti.

Kesho yake nilikwenda Makumbusho ya Serikali yaliyopo Egmore, kwenye jengo la sanamu za shaba, ili nijue ninachotafuta. Nikamkuta Parvati, mke wa mungu Shiva, wa enzi za wafalme wa Chola, waliotawala kusini mwa India kuanzia karne ya 9 hadi ya 13. Amesimama uzito wote kwenye mguu mmoja, kiuno kimekwenda huku, mabega kule, kichwa kimerudi. Mkono wa kushoto unaning'inia kama mkia wa ng'ombe; wenyewe huufananisha hivyohivyo. Wa kulia ameukunja vidole kana kwamba ameshika kitu, lakini hana kitu. Nilidhani kimepotea. Kumbe pale huchomekwa ua bichi, leo hili, kesho jingine. Nikazunguka nyuma. Suka la nywele limechongwa tuta kwa tuta, na kisogoni kuna gurudumu dogo ambalo vishada vyake vinashuka hadi mgongoni. Nikakumbuka kwamba sanamu hizi zilitengenezwa zibebwe nje ya hekalu siku za sikukuu, zikiwa zimevishwa hariri na mashada ya maua hadi unaona uso tu. Mgongo ule haukuwa wa kuonwa na umati. Nilikaa pale karibu saa nzima.

Wiki iliyofuata dada yangu alibaki na mama, nami nikapanda treni hadi Kumbakonam, safari ya saa kama 6, kisha bajaji hadi Swamimalai. Ni mji mdogo ukingoni mwa mto Kaveri wenye karakana nyingi za sanamu, nyingine zikiwa za familia moja vizazi na vizazi. Karakana niliyochagua ilikuwa ya baba na wanawe wawili. Nilimwonyesha ile sanamu yangu ya kwanza. Aliigeuza, akatazama mgongo, akairudisha mikononi mwangu kwa adabu bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoamua kuagiza kwake.

Kazi inaanza kwa ukuti wa mnazi. Anaukata urefu wa sanamu itakavyokuwa, anaukunja mara kadhaa, na ile mikunjo ndiyo rula yake: uso kiasi hiki, shingo kiasi hiki, kutoka kitovu hadi goti kiasi hiki. Vipimo vimewekwa na maandiko yao ya kale, na hawezi kuvibadili kwa sababu mteja anataka uso mnene. Kisha anaumba kwa nta iliyochanganywa na utomvu unaofanana na sandarusi yetu, na mafuta kidogo ya karanga. Nta inapimwa uzito ndipo ijulikane shaba kiasi gani itahitajika, kama tunavyofanya sisi kwenye pete. Halafu inapakwa udongo laini wa Kaveri, tabaka baada ya tabaka, la mwisho zito lenye mchanga, na kufungwa kwa waya wa chuma.

Niliomba niitwe siku ya kusubu, nikaitwa. Desturi yao ni madini matano, na dhahabu na fedha ni punje tu anazoleta mteja. Mama alikuwa amenipa kipande cha hereni yake iliyokatika, haikufika gramu moja, hereni aliyotengenezewa na Mzee mwenyewe. Udongo ulichomwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa hadi nta yote ikatoka. Ule mvungu ulioachwa na nta ndio ulioipokea shaba. Nilitumbukiza kile kipande ndani ya chungu cha shaba iliyoyeyuka, kikazama bila hata kumeta. Waliimimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, nyembamba kama uzi wa asali, na hakuna aliyezungumza mpaka ikajaa. Kalibu ile huvunjwa, hivyo Lakshmi huyu hana pacha.

Nilimwuliza baba yule kuhusu sarafu. Kwenye picha ya kalenda ya Mzee, sarafu za dhahabu zinamwagika kutoka kiganjani. Akajibu kwa Kiingereza chake kidogo na mikono mingi kwamba zile ni za wachoraji wa picha. Kwenye shaba, kiganja wazi kinatosha. Mimi ninayeshika dhahabu kila siku jibu lile lilinikaa sana.

Sasa kasoro, maana zipo. Niliahidiwa wiki 5, zikawa 9. Sisi tulishaondoka, ikabidi isafirishwe kwa ndege, na gharama ya usafiri na ushuru ikakaribia nusu ya bei ya sanamu, ambayo ilikuwa rupia 19,000 kwa inchi 9, uzito kilo 3 na ushee. Ncha ya yungiyungi la kushoto ilifika imepinda, kwa sababu walijaza maganda ya mpunga upande mmoja wa sanduku. Na kitako kinacheza kidogo mezani. Kwa bei ile nilitarajia kitako kilichotulia.

Jambo la karatasi usilipuuze. Sheria ya India ya 1972 inakataza kutoa nchini sanamu yenye zaidi ya miaka 100, kwa hiyo mpya nayo inaweza kutiliwa shaka. Omba risiti inayosema ni kazi ya sasa, na kama imepakwa ukale, pata cheti cha Idara ya Akiolojia ya India. Wana sababu. Nataraja, yaani Shiva akicheza, aliyeibwa kwenye hekalu la Sripuranthan, katika jimbo hilohilo la Tamil Nadu lenye Chennai na Swamimalai, alinunuliwa na Jumba la Sanaa la Taifa la Australia mwaka 2008 na kurudishwa India mwaka 2014. Anayekunong'oneza kwamba sanamu yake "ni ya kale kweli" ama anakudanganya ama anakuuzia mali ya wizi.

Matunzo ni mepesi: kitambaa kikavu, na mafuta ya nazi kidogo mara mojamoja. Ukwaju hung'arisha, lakini hula rangi ile ya kahawia inayokuja taratibu.

Nilimkabidhi Mzee dukani, asubuhi, kabla ya wateja. Alifungua kitambaa, na kabla hajatazama uso aliigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye suka la nywele, tuta kwa tuta, hadi kwenye lile gurudumu dogo la kisogoni, akavaa lenzi yake ya kazini akaliangalia kwa muda mrefu. Ndipo akaigeuza mbele. Nilipomwambia ya hereni ya mama alikaa kitini. Nilijitolea kukipiga tupa kitako kisicheze na kuinyoosha ile ncha ya ua. Akakubali ya ua. Kitako alikataa, akakunja karatasi ya risiti mara nne akaiweka chini ya pembe, na mpaka leo ipo hapo.